Je, Yatosha Kusikiliza Tukipendacho?

Liko swali ambalo limekaa nami muda mrefu, nami naona lafaa kuandikwa hapa, kwa kuwa ni swali la watu wote wenye masikio, wala si la waimbaji peke yao. Nalo ni hili: Je, ni vema mtu asikilize nyimbo zile tu azipendazo, na kuziacha nyingine zote? Najua wengi watacheka. Watasema, "Mtu hula chakula akipendacho na kuvaa nguo aipendayo, mbona asisikilize wimbo aupendao?" Walakini nawaomba wasicheke upesi, maana neno hili lina mizizi mirefu kuliko lionekanavyo.

Mimi ni mtu wa kupenda muziki, tena kupita kiasi, kama asemavyo mke wangu. Na hapa Ruhuwiko sauti hazikosekani. Ndege hutua uwanjani na kuruka tena. Bajaji hupita ziendazo mjini Songea, kila moja na wimbo wake. Kwaya hufanya mazoezi jioni. Na baada ya mavuno upepo huweza kutuletea ngoma ya lizombe kutoka mbali. Hayo yote tunayasikia. Lakini kusikia si kusikiliza, na lugha yetu yenyewe imeyatenga maneno hayo mawili. Kusikia hutupata tupende tusipende, kama sauti ya mvua juu ya bati. Kusikiliza ni kazi. Ni kumpa mtu sikio lako na kumngoja mpaka amalize. Basi swali langu ni juu ya kazi hiyo, si juu ya kelele za njiani.

Zamani mtu hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake mpaka Bombay, nchi ya Bara Hindi, akaimba mbele ya mashine ya kunasa sauti, na santuri zake zikaenea pwani yote na bara. Santuri za siku zile zilichukua kama dakika tatu kila upande, na mwenye kinanda cha kuzipiga alikuwa mmoja katika watu wengi. Hao wengi walikusanyika kwake, wakasikiliza alichonacho. Baadaye ikaja redio. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na kwa miaka mingi redio moja iliyowekwa barazani ilitosha nyumba tano au sita. Wimbo ulikufikia pamoja na salamu: mtu usiyemjua, katika mji usioujua, alimchagulia nduguye mgonjwa wimbo, na wewe ukausikiliza pamoja nao. Nani kati yetu wazee hakumbuki vipindi vile vya kuwasalimu wagonjwa? Tulisikiliza majina ya watu wa Tabora na Lindi tusiowaona kamwe, na wimbo wao ukawa wetu.

Kisha zikaja kanda. Hizi ndizo zilizonilea mimi. Betri zilikuwa ghali, kwa hiyo tulizianika juani zipate nguvu kidogo, na kanda tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ya wino, ili mashine isile betri bure. Sasa angalieni jambo hili, ambalo kwangu ni kubwa. Kwa kuwa kuruka wimbo kulikuwa kuharibu betri, tuliziacha nyimbo zipite zote, nzuri na mbaya, kwa utaratibu aliouweka mwenye kuzipanga. Katika kanda niliyokuwa nayo ya Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga gitaa wa Morogoro aliyekwenda na bendi yake kupiga Osaka, Japani, mwaka 1970, akafa kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi wa Januari 1979, nilikuwa na nyimbo mbili za kuzingojea. Nyingine zilikuwa kama njia ya kuzifikia zile mbili. Leo mkiniuliza ni zipi nizipendazo, nitawatajia zile za njiani. Zile mbili zilinipendeza mara ya kwanza, zikaisha utamu. Hizi nyingine ziliingia polepole, kama mgeni asiyesema sana, mpaka siku moja nikatambua kwamba naziimba nikilima.

Hali kadhalika wimbo wa Remmy Ongala uitwao "Kifo". Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, akawa mtu wetu mpaka alipofariki mwezi wa Desemba 2010. Nilipokuwa kijana, ulipoanza wimbo ule nilitoka nje. Kijana gani ataka kuambiwa habari za kifo na huku gitaa linamwita acheze? Lakini ilikuwako nyumba moja ya jirani ambapo ulipigwa kila jioni, nami nilikuwa nikingojea chai yao, basi nikausikiliza. Miaka ikapita. Tulipomzika baba, katika maneno mengi mazuri ya faraja niliyoambiwa, neno lililosimama nami makaburini lilikuwa la wimbo ule. Sikuuchagua. Niliwekewa akiba na watu waliokuwa wakinywa chai.

Sasa mtoto wangu ana nyimbo elfu katika simu yake, na flashi iliyojaa nyingine. Ana spika ndogo za kutia masikioni. Wimbo ukianza, akiona kwamba kwa muda wa pumzi tatu haukumpendeza, huuondoa kwa kidole. Simlaumu, nami ninayo simu, na kidole changu kimejifunza upesi kama chake. Lakini twaweza kukaa watu wanne katika chumba kimoja, kila mmoja katika nchi yake, na hapana ajuaye mwenzake analia au anacheka kwa ajili gani. Tena mashine hizi zina akili ya namna yake: zikijua umpendacho leo, kesho hukuletea mwenye kufanana naye. Hukuletea wewe mwenyewe, siku zote.

Mwalimu mmoja wa injili, ambaye namheshimu, alinijibu nilipomwambia hayo. Akasema, "Ndugu, sikio ni mlango. Mwenye nyumba asipochagua wageni, wevi wataingia. Mimi sisikilizi ila nyimbo za kanisa." Neno lake lina kweli ndani yake. Ziko nyimbo za matusi, ziko za kuwadharau wanawake, na mtu akizifungia mlango simwiti mwoga. Lakini kuchagua kwa kukimbia uovu ni jambo moja, na kuchagua kwa kutafuta utamu ni jambo lingine. Na mara nyingi sisi hulivisha la pili nguo za lile la kwanza. Twasema wimbo ni mbaya, kumbe wimbo wasema neno tusilotaka kuambiwa.

Nitaleta mfano ulio mgumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mwaka 1983, pande za Kagera. Karibu na mwaka 1990 Remmy huyo huyo alitunga wimbo, "Mambo kwa Soksi", kuwaonya watu wajikinge kwa mpira. Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Wakristo wengi nao hawakuupenda, na mpaka leo yuko awezaye kuleta hoja za haki juu ya shauri lililotolewa mle. Mimi mwenyewe sioni kwamba ni wimbo mzuri kwa mahadhi. Anazo nzuri kuliko ule mara kumi. Lakini mtu hawezi kupinga hoja ambayo hakuisikiliza. Watu walioziba masikio kwa sababu ya adabu, na walioziba kwa sababu ya hofu, wote walikutana katika mazishi ya miaka ile. Hapa Songea tuliyaona mazishi hayo, wakati mwingine mawili katika juma moja, na ugonjwa haukutajwa jina.

Tena liko kosa lililo kinyume cha hilo, nalo ni la sisi wapenda muziki hasa. Ni kusikiliza mahadhi na kumwacha mtu. Siti alikuwa na wimbo uitwao "Kijiti". Ni taarabu tamu, na mtu aweza kuitikisia kichwa akinywa kahawa. Lakini habari yake ni mwanamke mgeni aliyetoka bara, akauawa kule Unguja, na mwuaji akakimbia. Wale waliokuwa hai walijua wanamlilia nani. Sisi tuliokuja baadaye, tukipenda sauti tu, twacheza juu ya kaburi lake bila kujua. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika yapata mwaka 400 katika kitabu chake cha Maungamo kwamba, akiguswa na sauti ya mwimbaji kuliko neno liimbwalo, hulihesabu kuwa dhambi, naye hutamani afadhali asingalisikia. Hata hivyo alikumbuka machozi yake aliposikia nyimbo za kanisa katika siku za kwanza za imani yake, akaona ni vema uimbaji ubaki. Napenda kwamba hakulimaliza shauri. Luther, ambaye mwenyewe alipiga kinanda cha nyuzi, hakuona taabu hiyo. Aliuweka muziki karibu sana na elimu ya Mungu. Mimi katika jambo hili niko kati yao, lakini wasiwasi wa Augustino naupenda, kwa kuwa alikuwa akisikiliza kweli. Asiyesikiliza hana wasiwasi wowote.

Wengine wataniambia kwamba tukisikiliza vya wengine tutapotewa na vyetu. Hofu hii naona haina nguvu katika nchi yetu. Ngoma ya mganda, ambayo watu wa pande za Ziwa Nyasa huiona kuwa yao tangu asili, imechukua mwendo wa gwaride la askari na sauti za tarumbeta zao, nayo ilienea hasa baada ya vita vikuu vya kwanza. Vijana waliona na kusikiliza mambo ya wageni, tena ya vita, wakatengeneza vibuyu vya kuvuma kama tarumbeta, wakapanga mistari yao. Je, walipotewa? Walipata ngoma.

Na kanisani kwetu vivyo hivyo. Wamisionari wengi wa kwanza waliikataza ngoma, wakatufundisha nyimbo za kwao; nasi tukazisikiliza, tukazipenda, na wimbo wa Luther wa ngome hapana awezaye kutunyang'anya leo. Lakini mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisoma Makumira, aliandika "Mfurahini, Haleluya" wa Pasaka kwa mahadhi ya huku kwetu. Wimbo huo ukavuka bahari. Umo katika kitabu cha nyimbo cha Wajerumani wa Kiinjili, nao huuimba siku ya Pasaka katika baridi yao. Nawawaza wale wazee wa kwao wa zamani, waliosema ngoma zetu ni kelele: wajukuu wao wamesimama kanisani, wanaimba. Kwanza ilibidi mtu mmoja wa kwao asikilize mpaka mwisho kitu ambacho hakikuwa cha ladha yake.

Lakini jambo hili lisieleweke vibaya. Sisemi mtu alazimishwe. Yuko jirani awashaye spika kubwa usiku wa manane, akidhani anatugawia furaha. Huyo hatupi wimbo, anatunyima usingizi. Nasema hayo juu ya vilabu vya pombe, na juu ya mikesha ya kanisani pia, wapende wasipende wazee wa baraza. Kumsikilizisha mtu kwa nguvu ni kumfanya achukie hata kilicho kizuri. Sikio hutolewa na mwenyewe.

Ndiyo maana nyumbani kwetu tulipatana jambo dogo. Jumamosi baada ya chakula simu huwekwa ndani ya bakuli la bati, ambalo huongeza sauti kidogo bila kuwasumbua majirani, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa shule, huchagua wimbo mmoja. Wengine hunyamaza mpaka uishe. Hapana ruhusa ya kusonya, wala kutoka nje kuangalia mbuzi. Mwenye kuchagua aweza kusema kwa nini ameuchagua, au asiseme. Kwa njia hiyo nilikuja kujua kwamba mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka ishirini nilidhani hapendi muziki, alicheza kioda alipokuwa msichana kule Mbamba Bay, na wenzake wa mstari wote wamekwisha kufa isipokuwa mmoja. Wimbo anaoutaka haumo katika simu, wala sijauona mahali popote. Zamu yake ikifika hutuimbia mwenyewe, polepole, naye husahau maneno ya katikati. Mtoto wangu wa kiume, yule mwenye kidole chepesi, amekwisha kuyashika ya mwanzo.