Vipimo vya Nyumba Nyingine

Kijana mmoja wa kwaya alijitolea kututengenezea kifaa cha kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani. Alikuwa na Raspberry Pi ya toleo la mwanzo, ile kompyuta ndogo kama kadi ya benki iliyoingia sokoni mwaka 2012. Inatosheka na chaja ya simu, lakini memori yake ni MB 256 tu. Ukiiachia ikompaili maktaba nzima ya programu, yaani igeuze maandishi yake kuwa amri za prosesa, utalala uamke ukute bado inahangaika. Kwa hiyo akaikompaili kwenye laptopu yake, akainakili kwenye memori kadi, akaichomeka.

Ikagoma. Ilitoa mstari mmoja tu: muundo wa faili si sahihi. Laptopu ina prosesa ya Intel, kile kidude kina ya ARM, na amri za huyu kwa yule ni kelele tupu. Nikamuuliza, kwa ushamba wangu, kama faili lile lile haliwezi kurekebishwa kidogo likakubalika. Akacheka. "Mchungaji, huu ni ugali umeshasongwa. Turudi kwenye unga."

Akaweka kompaila ya aina nyingine, inayofanya kazi ndani ya laptopu lakini inazungumza lugha ya ARM. Safari hii mambo yakaanza vizuri. Ubeti wa kwanza ukatokea ukutani, tukapiga makofi, programu ikafa.

Alihangaika usiku mbili. Kumbe katika folda lilibaki faili dogo la vipimo kutoka jaribio la kwanza. Siku ile laptopu ilijipima yenyewe na kuandika kwamba namba za aina fulani huchukua baiti 8. Kwenye kidude huchukua 4. Lugha ilikuwa sahihi kabisa, ila vipimo vilikuwa vya nyumba nyingine, na kompaila haikulalamika hata kidogo. Hilo la kutolalamika ndilo lililoninyima usingizi mimi.

Nikamkumbuka nabii Ezekieli. Alipofika kwa wahamishwa wa Tel-abibu, kando ya mto Kebari, ujumbe alikuwa nao tayari. Gombo la ujumbe huo alikuwa amekwisha kulila, na sisi wahubiri tunaipenda sana sehemu hiyo ya gombo. Tunairuka inayofuata: aliketi kati yao siku saba, ameduwaa. Neno la Bwana lilimjia baada ya siku hizo. Alikuwa Mwebrania mwenzao, lugha yao ilikuwa yake, mateka kama wao. Hata hivyo aliketi.

Jumatano nilikwenda msibani. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya neno la faraja nililolitoa mwezi uliopita kwenye msiba wa mzee wa miaka tisini, na watu walilisifu. Huyu wa Jumatano alikuwa mtoto wa darasa la tatu. Nilikuwa nimebadilisha jina tu.

Nikaketi mkekani na wanaume. Chai ikapita mara ya kwanza, ikapita mara ya pili. Mwenye ratiba akanitazama, nikamtikisia kichwa asubiri. Baadaye sana baba wa marehemu, bila kumtazama mtu, akaanza kusimulia jinsi mwanawe alivyoogopa giza, na kwamba taa ya chumbani kwake bado hawajaizima.