Usipoziba Ufa: Habari ya Mpangaji na Kodi Yake

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Neno hili kila mtu alijua, lakini tutoapo sadaka ni wachache walifuatao. Twangoja ukuta uanguke, ndipo tuje na msaada, nasi twajiona tumetenda wema. Basi leo nauliza: ni yupi ampendaye jirani yake zaidi, yule ampaye pa kulala aliyefukuzwa, au yule azuiaye asifukuzwe?

Sisi wa vijijini, wengi wetu twakaa katika nyumba tulizojenga wenyewe. Lakini watoto wetu waendao mijini hukaa katika nyumba za watu. Huko mtu akiugua majuma mawili tu, mshahara hupungua, wala mwisho wa mwezi haumngoji.

Taabu hii imechunguzwa sana huko Marekani. Mtaalamu mmoja, jina lake Matthew Desmond, alikaa pamoja na wapangaji maskini katika mji wa Milwaukee mwaka 2008 na 2009, na kitabu chake kikatoka mwaka 2016. Alionyesha kwamba wengi wao hutoa zaidi ya nusu ya mapato yao kwa kodi. Tena alionyesha kwamba kufukuzwa si tunda la umaskini tu, bali ni mzizi wake pia: afukuzwaye hupoteza vyombo, watoto wake huhama shule, na mara nyingi hata kazi humponyoka, maana siku zake zote huishia kutafuta pa kukaa. Hivyo deni dogo huzaa hasara kubwa.

Wako wasemao, "Ukimlipia mtu kodi, wamfundisha uvivu." Neno hili si la kupuuzwa. Kila mwalimu ajua kwamba mtoto afanyiwaye hesabu zake zote hajifunzi kitu. Lakini ajua pia kwamba mtoto aliyekosa masomo kwa ugonjwa hastahili kufukuzwa shuleni. Yatupasa kupambanua kati ya aliyejikwaa na yule aliyekaa chini akakataa kwenda.

Wengine huuliza habari ya mwenye nyumba. Naye ana haki yake. Pengine ni mjane ambaye chakula chake ni kodi ya vyumba viwili. Kumlazimisha asamehe deni ni kutoa sadaka kwa mali ya mwingine. Wakati wa maradhi ya korona, serikali ya Marekani ilitoa amri Septemba 2020 kuzuia wapangaji wengi wasifukuzwe, lakini deni halikufutwa, likazidi kukua. Mahakama ya Juu ikaitangua amri ile Agosti 2021. Zilikuwa zimetengwa dola zaidi ya bilioni 46 za kulipia kodi, lakini mahali pengi zilikawia kufika. Mfuko wa msaada ulipao deni kwa wakati huwatendea haki wote wawili: mpangaji hubaki, na mwenye nyumba hupata chake.

Hata hivyo fedha peke yake haitoshi. Katika mji wa New York, zamani wenye nyumba walifika mahakamani na mawakili, na wapangaji karibu wote walisimama peke yao. Mwaka 2017 mji ule ulikuwa wa kwanza nchini humo kuweka sheria ya kuwapa wapangaji maskini mawakili bila malipo, na wengi wa waliopata wakili wamebaki nyumbani mwao. Maana pengine hesabu ya deni ina makosa, au mpangaji hajui siku ya kuitwa. Naye asiyefika hushindwa bila kusikilizwa. Wakili hawezi kulipa deni, wala fedha haiwezi kujibu mashtaka. Mkono mmoja haulei mwana.

Basi, ndugu zangu, tukiwa na mfuko wa wahitaji katika chama chetu, tusiulize tu tumetoa kiasi gani, bali tumetoa lini. Tena mwenzetu akipokea barua asiyoielewa, tumsomee na kufuatana naye barazani. Kazi hii haina sifa nyingi, kwa kuwa ukuta usioanguka hakuna autazamaye. Lakini ndani yake watoto wamelala.