Begi la Mtu wa Mlimani

Kwetu Mpuguso, Rungwe, mtu hasafiri na begi lake. Anasafiri na begi la ukoo. Habari ikishatoka kwamba fulani anakwenda Dar es Salaam, shangazi ataleta maharage, mama atachagua parachichi zisizoiva ili ziivie njiani, na jirani ambaye hamjasalimiana vizuri tangu mgogoro wa mpaka wa shamba atatokea jioni na mkungu wa ndizi wa mwanawe aliyeko Mbagala. Kukataa huwezi. Asubuhi kondakta ananung'unika, mzigo unapanda, na basi linaanza kuupanda mlima kuelekea Mbeya.

Safari hii navuka hata hiyo Dar. Watu niliosoma nao, ambao kazi imewafanya kuwa wa pwani, wamechanga fedha ili tukodi boti Nungwi, kaskazini mwa Unguja, tushinde baharini tukivua. Si uvuvi wa riziki. Boti ina nahodha na msaidizi wake, fimbo na mishipi ni yao, chambo ni chao, wewe unaleta mwili na hela. Nilipomweleza mama aliniangalia kwa muda.

"Mwanangu, yaani unalipa ili ukavue?"

Sikuwa na jibu la kumtosha. Samaki anaowajua yeye wanapanda kutoka Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, na hajawahi kusikia mvuvi wa Matema akitoa nauli ili aruhusiwe kutupa ndoana. Nikamwambia kuna wageni wanaotoka Ulaya na Marekani kwa ajili hiyo hiyo, hasa miezi ya Kaskazi, kuwafuata jodari na sulisuli kwenye kina cha mkondo wa Pemba. Akasema basi huko kwao hawana mashamba.

Begi likaanza kujaa. Februari ya Rungwe unaijua: mvua asubuhi, mvua mchana, ukungu kati yake. Kwa hiyo mke wangu akaweka sweta, koti la mvua na yale mabuti ya shambani. "Baba, si unakwenda kwenye maji?" Mama naye akaleta chane za ndizi mbivu, za kula botini.

Hapo kuna jambo lililonichekesha. Miongoni mwa wavuvi wa boti za kukodi huko Hawaii na Florida, ndizi ni mkosi. Wapo manahodha wasiokubali upande nayo hata moja, na ukipita nayo kwa siri halafu samaki wasile, wewe ndiye utakayetazamwa. Sababu wanazotoa hazilingani. Wengine husema meli za ndizi za zamani zilikwenda mbio ili mzigo usiharibike, na mshipi uliofungwa nyuma ya meli iendayo mbio haushiki kitu. Wengine wanataja buibui waliojificha kwenye mikungu. Mimi nadhani wavuvi popote duniani wanahitaji cha kulaumu. Lakini mwambie mama yangu, ambaye ndizi ndiyo iliyomlea, akailea na nyumba yake, kwamba kuna watu wanaamini inafukuza riziki. Atakuuliza wanakula nini. Ndizi nimezibeba. Zitafika Mbagala, na huko zitapokelewa kwa heshima zote.

Sweta na mabuti nimeyatoa mke wangu akiwa jikoni. Tukuyu iko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na adui tunayemjua huku ni baridi. Baharini jua linakupiga kutoka juu, kisha maji yanakurudishia lingine kutoka chini. Dawa yake ni shati jepesi la mikono mirefu, miwani ya jua, mafuta ya kukinga ngozi, na kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, maana upepo ukishaichukua hakuna wa kuirudia. Viatu viwe na soli inayoshika penye utelezi. Begi lenyewe liwe laini, linaloweza kusukumwa pembeni. Sanduku gumu kwenye boti ndogo ni kero kwa kila mguu. Simu na dawa ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Na kidonge cha kichefuchefu kimezwe mapema, kabla boti haijang'oa nanga, kwa kuwa tumbo likishachafuka litakirudisha na chai yake.

Hayo yote ni rahisi, kwa sababu yananunuliwa. Kilichonikalia kichwani ni vile visivyoingia kwenye begi langu.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, kwenye bahari hiyo hiyo ya Nungwi, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa. Mwaka haukupita vizuri, Julai 18, 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, bahari ikiwa imechafuka. Hizo zilikuwa meli zenye leseni na ratiba. Boti ya watu sita inayoondoka ufukweni alfajiri, nani ataikagua asubuhi hiyo kama si anayeilipia?

Na sisi hatuulizi. Tumelelewa kwamba mgeni hamhoji mwenyeji, na juu ya adabu hiyo tumeongeza woga wetu wenyewe wa kuonekana washamba. Mtu wa milimani akifika pwani anajifanya ameizoea bahari. Atapatana bei mpaka jasho limtoke, lakini kuomba aonyeshwe jaketi la kujiokolea anaona ni kumtukana nahodha. Hiyo si heshima. Ni haya iliyovaa kanzu ya heshima, na imezika watu.

Nikampigia nahodha. Nikamuuliza kama kila abiria ana jaketi lake, na kama nitalivaa tangu ufukweni. Je, injini ikizima ipo ya pili? Simu zikikosa mtandao kuna redio? Huko nchi kavu nani anajua saa yetu ya kurudi? Na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ukiwa mbaya, fedha yetu inarudi au inabaki?

Akanyamaza kidogo, halafu akacheka. "Kaka, wewe wa bara?"

"Wa bara, tena wa milimani. Kuogelea sijui."

Akajibu yote, moja baada ya jingine, bila kukereka. Akaongeza kwamba Wazungu humuuliza hayo kabla ya bei, na sisi humuuliza tukishafika mbali, wimbi la kwanza likishapiga.

Kwa hiyo wewe unayepanga kukodi boti, iwe Nungwi, Mafia au hata Matema hapo chini, mpigie mwenye boti kabla hujalipa, uulize mpaka uridhike. Ukipanga kwenda katikati ya mwaka, kumbuka kwamba huo ni wakati wa Kusi, bahari huwa nzito. Na mwenye boti akikasirika kwa sababu umeuliza jaketi, usipande. Tafuta mwingine.