Kabla ya Kumlaumu Mbaraka

Kuna hukumu moja inayosikika sana kwa wapenzi wa santuri siku hizi, hasa wale waliojaliwa kununua vyombo vya bei mbaya: "Muziki wetu wa zamani ni mtamu, ila ulirekodiwa vibaya." Ushahidi wanao. Wakiweka santuri ya Mbaraka Mwinshehe, sauti inabanana. Magitaa yote yanakuwa rundo moja, tarumbeta linakwaruza, besi inavimba, na mwimbaji ni kama kafunikwa blanketi. Wakiweka santuri ya jazi kutoka Marekani, mambo shwari. Basi kesi imekwisha: kosa ni la Morogoro.

Mimi nauliza: ni lini hasa mtu anapata haki ya kusema kwamba kosa liko kwa anayesema, wala si kwa anayesikiliza?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya wanaohukumiwa. Morogoro, mji kasoro bahari, ulikuwa na Morogoro Jazz tangu 1944. Ulikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1965. Mbaraka alipiga gitaa Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970. Akaunda Super Volcano mwaka 1973, na Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, Mombasa. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kurudi studio kurekebisha kitu. Kilichobaki ni michirizi kwenye plastiki, na anayewahukumu anahukumu watu wasioweza kujitetea.

Tuangalie njia inayopita sauti. Inatoka kwenye mchirizi, inaingia kwenye sindano, inapita kwenye waya, kwenye amplifaya, kwenye spika, kisha kwenye chumba, ndipo ifike sikioni. Ni kama maji ya Ruvu. Yanazaliwa juu Uluguru msituni, yanapita mashamba ya miteremkoni, mabonde, mitambo, mabomba, hadi simtanki ya nyumba fulani Dar es Salaam. Mwenye nyumba akifungua bomba akaona tope, atakuwa mtu wa ajabu akisema chemchemi ya Uluguru ni chafu kabla hajafunua simtanki yake.

Lakini ndivyo tunavyofanya. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Fundi mzuri huanza upande wake. Anatazama sindano kwa kioo cha kukuzia, maana kidonge kidogo cha vumbi kinatosha kuziba sauti yote. Anapima uzito wa sindano juu ya santuri. Kwa vyombo vingi vya leo ni kati ya gramu 1.5 na 2.5, kadiri mtengenezaji alivyoelekeza. Anasikiliza wimbo wa kwanza wa upande, kisha wa mwisho. Kwenye santuri kubwa ya kasi ya 33, mchirizi wa nje hupita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kila sekunde. Karibu na katikati ni kama 21 tu, kwa hiyo mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo. Kama sauti inabanana mwishoni mwa upande peke yake, mshukiwa wa kwanza ni pembe ya sindano. Anabadilisha kitu kimoja kwa wakati, si vitano, la sivyo hatajua kilichoponya ni kipi.

Na yule mwenye jazi ya Marekani aliyesema mashine yake ni nzima, je? Hapo kuna mtego. Santuri nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa mono. Kwenye mono, muziki uko kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia tu. Sindano ya stirio husoma pia mwendo wa juu na chini, na kwenye santuri ya mono mwendo huo hauna muziki, una vumbi na uchakavu. Ukibonyeza swichi ya mono, kelele hiyo inaondoka na magitaa yanaanza kuachana. Chombo kilikuwa kizima kweli, ila kilikuwa kinamuuliza Salum Abdallah maswali ya mtu mwingine.

Kwangu hilo ndilo funzo zito. Mtu anaweza kuwa na sikio zuri, chombo cha mamilioni na nia njema, na bado akamwonea mwenzake kwa kutumia kipimo kisichomhusu. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kusikilizwa kwa ukamilifu ni zaidi ya kuachiwa uongee. Ni anayekusikiliza ajikague kwanza.

Na santuri ina jambo jingine ambalo faili la simu halina: kusikiliza kunaacha alama. Sindano iliyolika inachonga mchirizi. Wapo wanaopunguza uzito wa sindano wakidhani wanaitunza santuri. Kumbe ikiwa nyepesi mno, kwenye sauti kubwa inarukaruka na kuumiza kuta za mchirizi. Upole wa namna hiyo ni ukatili usiojijua. Anayesikiliza vibaya leo anatengeneza ushahidi wa kesho: santuri inakuwa mbovu kweli, halafu anasema, si niliwaambia?

Mtu ataniuliza: je, hakuna rekodi mbaya? Zipo, tena nyingi. Mikrofoni zilikuwa chache, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, tarumbeta likaingia kwenye mikrofoni ya mwimbaji. Sisemi kila msongamano ni kosa la msikilizaji, huo nao ungekuwa uongo wa kujipendekeza kwa wazee. Ila hukumu ya "imerekodiwa vibaya" inatakiwa ije mwisho, baada ya ukaguzi. Ikija hivyo inakuwa na faida, kwa sababu sasa unajua unachosikia. Msongamano uliobaki ni wao wenyewe, watu kadhaa ndani ya chumba kimoja wakipumua hewa moja. Huo usiufute kwa programu ili wafanane na watu wa leo. Waache wabanane, ndivyo walivyokaa.

Kwa hiyo santuri ya Morogoro ikikusumbua, usikimbilie kununua spika nyingine, wala usimlaumu marehemu. Anza na brashi ya sindano. Ni kifaa rahisi kuliko vyote mezani, na ndicho kinachosafisha upande wako.