Nani Anataka Tukeshe?

Tunasema kahawa inatupa nguvu, lakini kikombe cha kahawa chungu, bila sukari, karibu hakina chakula chochote ndani yake. Nguvu tunayoisikia ilikuwa yetu tangu mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba hatusikii tena kuwa imepungua.

Tangu tunapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni kidogo kidogo. Hukaa kwenye vipokezi vyake, na kadiri inavyoongezeka ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kafeini ina umbo linalofanana nayo kiasi cha kuweza kukalia viti hivyo, ila ikishakaa haisemi neno. Adenosini hubaki imesimama mlangoni, ikizidi kuongezeka. Kwa watu wazima wengi, nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi: nusu ya kikombe cha saa kumi jioni iko macho nawe saa tatu usiku. Uchovu haujaondoka. Umezibwa mdomo tu.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Je, ni haki kumziba mdomo shahidi kwa sababu ushahidi wake unatuchelewesha?

Jibu jepesi ni kwamba mwili ni wangu na nina hiari nao. Kiafya pia hakuna la kutisha sana: mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema miligramu 400 kwa siku hazileti wasiwasi kwa mtu mzima mwenye afya. Na historia iko upande wa wanywaji. Masufi wa Yemen, katika karne ya 15, walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Usiku ule hakuna aliyewaibia. Waliutoa wenyewe, wakijua wanampa nani. Wahaya wa Kagera hutafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, na mgeni hukaribishwa kwayo. Hapa Dar es Salaam, muuza kahawa akitua birika lake kijiweni, watu hukaa, hutafuna kashata, hubishana kuhusu Simba na Yanga mpaka vikombe vipoe. Kafeini ni ile ile, na hakuna anayeharakishwa.

Kwa hiyo sina ugomvi na kahawa. Ninachouliza ni nani anayezihitaji saa tunazokesha.

Mimi nasoma shahada ya uzamili jioni. Mchana wengi wetu tuko kazini, saa kumi na moja na nusu tuko darasani, na makala za kusoma zinatusubiri baada ya saa nne usiku. Juu ya meza zetu kuna chupa za chai, kahawa ya paketi na makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Tunasifiwa kwa bidii. Lakini tungesinzia wote waziwazi Alhamisi moja tu, mtu angeuliza kama ratiba hii inabebeka. Hatusinzii, basi inaonekana inabebeka. Kafeini, ambayo kila mmoja wetu anadhani anakunywa kwa hiari yake, imekuwa ushahidi wa pamoja kwamba mzigo ni wa haki.

Anayeumia zaidi ni asiyeweza kunywa. Mjamzito hushauriwa apunguze kafeini, na mwili wake huiondoa polepole zaidi. Yuko mwingine ambaye moyo humwenda mbio kwa kikombe kimoja. Hawa wakichoka, uchovu wao unaonekana, na karibu na macho yetu makavu unafanana na uvivu. Mwili wao unasema kweli, sisi tumeunyamazisha wetu, na wanaopimwa vibaya ni wao. Hiari yangu inaishia hapo, kwa sababu gharama yake haibaki kwangu peke yangu.

Sijaacha kahawa wala sina mpango wa kuiacha. Ninachokataa ni kikombe changu kutumika kumjibia jirani yangu. Mwisho wa muhula tunapewa fomu ya kutathmini kozi. Inauliza kuhusu mwalimu, vitabu, hata viti. Haiulizi tumelala saa ngapi. Safari hii nitaliandika swali hilo mwenyewe pembeni, kisha nilijibu kwa tarakimu.