Kupima Jeni Yangu ni Kumpima na Baba



Shangazi yangu alikuwa akiuza mahindi sokoni Busia. Alibadilisha shilingi za Uganda na za Kenya kwa hesabu ya kichwa tu. Alipofika miaka 46 akaanza kurudisha chenji mara mbili kwa mteja mmoja. Akiwa na 49 alipotea njia ya kurudi nyumbani Paya, njia aliyoipita tangu utotoni. Majirani wakasema amerogwa. Wazee wakakumbuka kwamba babu naye alianza hivyo hivyo, kabla hajafika miaka 50.

Daktari alianza panapostahili. Alipima VVU, kaswende, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12, akachunguza pia sonona, kwa kuwa yote hayo humsahaulisha mtu na yana matibabu. Hakukuta kitu. Akasema huenda ni ugonjwa wa Alzheimer unaoanza mapema, tena wa kurithi.

Jambo hili si geni. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa na Dkt. Alois Alzheimer, mwaka 1906, alikuwa mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na miaka 51 tu. Wala si la Wazungu peke yao: mwaka 1996 watafiti, wakiwemo wa Kenya na Tanzania, waliripoti kukuta utando ule ule wa ugonjwa huu katika bongo za baadhi ya wazee wa Afrika Mashariki.

Aina ya kurithi ni nadra, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100 wa Alzheimer. Inatokana na hitilafu katika jeni moja kati ya tatu: APP, PSEN1 na PSEN2. APP hutengeneza protini inayokaa kwenye ngozi ya seli za ubongo. Protini hiyo hukatwakatwa na kimeng'enya, mfano wa mkasi, na presenilini inayotokana na PSEN1 au PSEN2 ndiyo makali ya mkasi huo. Makali yakiharibika, vipande virefu na vya kunata huongezeka. Vipande hivyo hugandamana nje ya seli, kisha protini nyingine, tau, hujisokota ndani yake, na seli hufa. Mzazi mwenye jeni hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu.

Basi nikapiga hesabu. Ikiwa babu na shangazi walikuwa nayo, baba ana nusu, nami nina robo. Je, ni wajibu wangu kupima?

Katika halaka yetu ndugu mmoja alisema kupima ni kuchungulia ghaibu. Sikubaliani naye. Kipimo husoma kilichomo mwilini leo, kama tunavyopima selimundu kabla ya ndoa. Mwingine alisema kutafuta elimu ni faradhi, kwa hiyo nipime. Huyu alinitatiza zaidi. Lakini jibu la selimundu hufungua mlango wa kumtibu mtoto mapema, na kwa jeni hizi bado hakuna dawa inayoponya. Hata jibu lenyewe si hukumu ya mwisho. Huko Kolombia, katika ukoo mkubwa ambao wenye hitilafu ya PSEN1 huanza kuugua wakiwa na miaka ya 40, kuna mwanamke aliyeripotiwa mwaka 2019. Alikuwa na jeni hiyo, lakini akili yake ilibaki timamu hadi miaka ya 70, kwa sababu alibeba badiliko lingine adimu lililomkinga. Jeni ni sababu, na Mwenye kuzipanga sababu ni Allah.

Kilichoniamulia ni baba. Ana miaka 48, ni mzima, na amesema hataki kujua. Nikipima na jeni ikaonekana, nitakuwa nimempima yeye bila idhini yake, kwa kuwa kwa upande huu wa ukoo siwezi kuipata ila kupitia kwake. Surat Al-Israa inatukataza hata kuwaguna wazazi. Vipi nimbebeshe habari aliyoikataa? Kwa hiyo sitapima maadamu yeye hataki.

Lakini kuna jambo ambalo sina ruhusa ya kulinyamazia. Mwaka huu nimeposa. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu umefichwa chini, akamkemea muuzaji. Shangazi aliijua hadithi hiyo vizuri, na hakuwahi kuweka mahindi makavu juu ya mabichi. Sijui kama nina jeni, na kutojua si udanganyifu. Ila habari za babu na shangazi nazijua. Huo ni unyevu nilioukwisha kuugusa. Nilimweleza mchumba wangu mbele ya walii wake. Aliomba muda, na ni haki yake. Ninapoandika bado sijapata jibu.

Wakati ninasubiri, kuna mambo yasiyohitaji kipimo: kuandika wasia, kuandika madeni, na kumtunza aliyekwisha kuugua. Surat An-Nahl, aya ya 70, inatukumbusha kwamba wapo wanaorudishwa kwenye umri dhaifu wasijue walichokuwa wakikijua. Shangazi jina langu limemtoka. Al-Faatiha bado anaisoma, nami humwitikia aamin.

Wallaahu a'lam.