Igeuze Picha Uone Nyuma

Mzazi wa kwetu akisikia mwanawe anakwenda chuo kikuu kusomea historia ya sanaa, swali huwa moja: "Utaajiriwa wapi?" Simlaumu, ada haiokotwi njiani. Ila nadhani wengi wetu hatujui kinachosomwa huko.

Chukua chui wa Tingatinga, picha tuliyoizoea hadi tukaichoka. Mwanafunzi wa historia ya sanaa haanzi kwa kusema inapendeza au haipendezi. Anaigeuza. Nyuma anakuta hadibodi, kipande cha mraba cha kama futi mbili kila upande. Mbele rangi inang'aa, maana ni ile ya kupakia baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge Tanga, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vifaa alivyovimudu. Picha zake aliziuza Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Basi chui yule anasimulia habari za kibarua aliyehamia mjini, na za nani alikuwa na fedha ya kununua picha miaka michache baada ya Uhuru.

Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi wakidhani ni mhalifu anayekimbia, akafa. Alikuwa amechora takriban miaka minne tu. Jina lake lilipopata bei, picha bandia zenye saini yake nazo zikaingia sokoni. Hapo ndipo msomi anapohitajika: akague ubao, rangi na mkono wa mchoraji, aulize picha imepitia kwa nani na nani. Ni subira ya hakimu asiyehukumu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Subira hiyo ndiyo iliyotupungukia. Tunahukumu picha, habari na hata watu kwa kupitisha kidole juu ya simu. Aliyezoezwa kukaa mbele ya kitu kimoja, akaeleza anachokiona kabla hajatoa maoni, hadanganyiki upesi, awe makumbusho, benki au mahakamani.

Kijana anayeitaka elimu hii aachwe aisome. Nasi tusioisoma tuna wajibu wetu mdogo: ukinunua picha, muulize mchoraji jina lake kamili, uliandike nyuma pamoja na mwaka na mahali ulipoinunua.